Hotuba ya Rais Bungeni ina uzito gani, na raia aijibu vipi?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Historia na Serikali katika shule ya upili. Tangu Rais William Ruto alipolihutubia Bunge la Kenya tarehe 21 Novemba 2024, wanafunzi na walimu wenzangu wamegawanyika. Wapo wanaoshikilia kwamba jambo likishatamkwa na Rais mbele ya wabunge limekuwa amri, na wanatoa mfano wa mipango ya kampuni ya Adani ya India iliyofutwa siku hiyo kwa kauli moja. Wengine wanasema hotuba hizi ni maneno matupu na hakuna haja ya kuzisikiliza. Naomba unieleze raia wa kawaida anapaswa kuipokea vipi hotuba ya namna hii, na kama kuna lolote analoweza kufanya baadaye zaidi ya kushangilia au kulalamika.

JIBU: Mwalimu, nianze na sheria yenyewe, kwa maana naona pande zote mbili za ubishi wenu zimeiruka. Rais hafiki Bungeni kila mwaka kwa hisani. Kifungu cha 132 cha Katiba ya 2010 kinamtwika wajibu wa kulihutubia Bunge katika kikao maalum mara moja kila mwaka, na tena kinamtaka alieleze taifa, mara moja kila mwaka, hatua zilizochukuliwa na maendeleo yaliyopatikana katika kutimiza maadili ya kitaifa yaliyoorodheshwa katika Kifungu cha 10. Maelezo ya hatua hizo lazima yachapishwe katika Gazeti Rasmi la Serikali. Anatakiwa pia kuwasilisha kwa Bunge la Taifa, ili ijadiliwe, ripoti kuhusu jinsi Jamhuri inavyotimiza majukumu yake ya kimataifa. Kifungu cha 240 nacho kinalitaka Baraza la Usalama wa Taifa liripoti kwa Bunge kila mwaka kuhusu hali ya usalama nchini. Kwa hiyo kinachoonekana kwenye runinga ni sehemu moja tu ya wajibu huo, na pengine si sehemu iliyo nzito kuliko zote. Nyaraka zinazoandamana na hotuba ndizo zenye maelezo ya kina, nazo husomwa na watu wachache mno, wakiwemo wabunge wenyewe.

Orodha ya Kifungu cha 10 ingefaa ibandikwe ubaoni siku ya hotuba. Ina uzalendo na umoja wa kitaifa, ugatuzi wa mamlaka, utawala wa sheria, demokrasia na ushiriki wa wananchi. Ina utu, haki ya kijamii, usawa, haki za binadamu na ulinzi wa waliotengwa. Ina utawala bora, uadilifu, uwazi na uwajibikaji. Na mwisho ina maendeleo endelevu. Ukiisikiliza hotuba kwa kuifuata orodha hiyo utaona kwamba muda mwingi huenda kwenye barabara, mbolea, nyumba na umeme, mambo ambayo kwa haki yanaweza kuwekwa chini ya maendeleo, ilhali uadilifu na ushiriki wa wananchi hupitiwa kwa haraka. Kuuliza ni maadili yapi hayakutolewa hesabu ni jibu halali kabisa la raia. Mwaka 2024 swali hilo lilikuwa na uzito wa pekee: miezi mitano kabla ya hotuba, tarehe 25 Juni, vijana waliopinga Mswada wa Fedha waliingia katika majengo ya Bunge hilohilo, watu wakauawa kwa risasi, na kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi mswada huo. Utu na haki za binadamu zimo katika orodha moja na maendeleo, wala Katiba haikusema kwamba moja likifanikiwa jingine lisamehewe.

Sasa nije kwa wale wanaoamini kwamba kauli ya Rais mbele ya wabunge ni amri. Kifungu cha 135 kinasema uamuzi wa Rais katika kutekeleza kazi yoyote aliyopewa na Katiba lazima uwe wa maandishi, wenye muhuri na sahihi yake. Kifungu cha 94 kinasema hakuna mtu wala chombo nje ya Bunge chenye uwezo wa kuweka jambo lenye nguvu ya sheria, isipokuwa kwa idhini ya Katiba au ya sheria iliyotungwa. Na Kifungu cha 206 kinazuia fedha kutolewa katika mfuko mkuu wa serikali bila idhini ya sheria ya Bunge au ya Katiba yenyewe. Ukiviweka vifungu hivyo vitatu pamoja, sentensi za hotuba hujigawa zenyewe. Inayoeleza jambo lililokwisha kufanyika ni ushahidi, nao hupimwa kwa kumbukumbu. Inayotangaza jambo lililo ndani ya mamlaka ya Rais hutafutiwa waraka wenye sahihi. Inayohitaji sheria mpya au fedha ni ombi kwa Bunge, hata ikitamkwa kwa sauti ya kuamrisha. Zinazobaki ni matumaini, na matumaini si kosa, mradi yasihesabiwe kuwa kazi iliyofanyika.

Mfano wa Adani ambao wenzako wanautegemea unaonyesha karibu kinyume cha wanachodai, kwa hiyo niruhusu nikae hapo kidogo. Mipango ilikuwa miwili. Wa kwanza ulihusu Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta: pendekezo la takriban dola bilioni 1.85, lililoletwa na kampuni yenyewe chini ya sheria ya mwaka 2021 ya ubia kati ya serikali na sekta ya kibinafsi, ambalo lingeipa kampuni hiyo nafasi ya kuuendesha uwanja kwa miaka 30. Wa pili ulihusu ujenzi wa njia za kusafirisha umeme, wa dola milioni 736, uliotiwa sahihi kati ya kampuni hiyo na shirika la umma la KETRACO mwezi Oktoba 2024. Kufikia siku ya hotuba, mipango yote miwili ilikuwa imesimamishwa na Mahakama Kuu, ule wa uwanja mwezi Septemba na ule wa umeme mwezi Oktoba. Nyaraka za mpango wa uwanja zilikuwa zimevujishwa mitandaoni tangu Julai, Chama cha Wanasheria kilikuwa kimekwenda mahakamani, na wafanyakazi wa uwanja walikuwa wamegoma. Kisha, siku moja kabla ya hotuba, waendesha mashtaka wa Marekani wakatangaza mashtaka dhidi ya Gautam Adani, mwenyekiti wa kundi la kampuni za Adani, kuhusu madai ya hongo katika miradi ya umeme wa jua nchini India, madai ambayo kampuni yake imeyakana. Siku yenyewe ya hotuba, saa chache kabla Rais hajasimama, Waziri wa Kawi alikuwa ameiambia kamati ya wabunge kwamba hapakuwa na hongo wala ufisadi katika kutolewa kwa mkataba wa njia za umeme. Halafu Rais akatangaza kwamba ameziagiza idara husika katika wizara za uchukuzi na kawi zifute taratibu hizo mara moja, kutokana na habari mpya zilizotoka kwa vyombo vya uchunguzi na mataifa washirika. Ukumbi ukarindima kwa makofi.

Angalia sasa kilichotokea kisheria. Kauli ile ilikuwa agizo kwa idara za serikali, nazo ndizo zilizopaswa kuandika barua na kufunga majalada. Tena mipango ile miwili haikuwa katika hali moja: ule wa uwanja ulikuwa pendekezo ambalo halijafikia mkataba, na pendekezo hukataliwa kwa barua, lakini ule wa umeme ulikuwa umekwisha kutiwa sahihi, na mkataba uliotiwa sahihi huwa na masharti ya kuvunjwa ambayo yanaweza kuzaa madai ya fidia. Makofi hayakutofautisha. Wala hayakuuliza kwa nini serikali iliyotetea mipango hiyo kwa miezi kadhaa, na waziri aliyeitetea asubuhi, ilihitaji mashtaka ya nchi nyingine ili kubadili msimamo. Maoni yangu ni kwamba uamuzi ulikuwa sahihi, na kwamba sifa kubwa inawaendea waliofungua kesi na waliogoma kabla ya yule aliyeutangaza. Raia aliyetaka kuijibu vema hotuba ile alipaswa kupongeza, kisha adai mambo mawili: nakala ya barua za kufuta, na maelezo ya jinsi pendekezo la kampuni moja lilivyofika mbali hivyo wakati Kifungu cha 227 kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wa wazi na wa ushindani.

Hotuba ya tarehe 26 Machi 2015 inafundisha zaidi, kwa kuwa muda wa kutosha umepita wa kuona iliishia wapi. Siku hiyo Rais Uhuru Kenyatta alifanya mambo mawili makubwa. Aliwasilisha Bungeni ripoti ya siri iliyotayarishwa na Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, akawataka maafisa waliotajwa humo wakae kando uchunguzi ukiendelea, na akatoa muda wa siku 60. Vilevile aliomba radhi kwa niaba ya serikali yake na zilizotangulia kwa dhuluma za kihistoria, akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10, katika muda wa miaka mitatu, kwa ajili ya waathiriwa.

La kwanza lilizaa matokeo ya haraka: mawaziri watano waliondoka afisini kupisha uchunguzi. Haraka hiyo ina sababu yake. Waziri huteuliwa na hufutwa na Rais, kwa hiyo hapo Kenyatta alikuwa amesimama ndani ya mamlaka yake mwenyewe. Zaidi ya hapo hakuwa na la kufanya, kwa maana mashtaka ni kazi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambaye Kifungu cha 157 kinamkinga asiongozwe na mtu wala chombo chochote, na kumtia mtu hatiani ni kazi ya mahakama. Siku 60 zikaisha. Majalada ya baadhi ya waliotajwa yakafungwa kwa kukosa ushahidi, na wapo waliorudi baadaye katika nyadhifa za juu serikalini. Sisemi kwamba walikuwa na hatia. Nasema kwamba orodha inayopelekwa Bungeni kabla ya uchunguzi kukamilika haimtendei haki asiye na hatia, wala haimfungi mwenye hatia, na wabunge walipaswa kulisema hilo siku ileile badala ya kuhangaika kutafuta majina ya mahasimu wao.

La pili ndilo linaloniuma. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikuwa imemkabidhi Rais ripoti yake tarehe 21 Mei 2013, ikiwa na mapendekezo ya fidia kwa watu walioteswa, waliofukuzwa kwenye ardhi zao na waliofiwa. Radhi ilikuwa ya Rais kuiomba, naye akaiomba, na kwa mtu aliyepoteza ndugu zake katika mauaji ya Wagalla mwaka 1984 hilo si jambo dogo. Lakini shilingi bilioni 10 zilihitaji vitu ambavyo hotuba haiwezi kuvizaa: mgao katika sheria ya matumizi ya fedha, kanuni za kuuendesha mfuko, na utaratibu wa kumtambua anayestahili kulipwa. Miaka mingi baada ya miaka ile mitatu kwisha, waathiriwa walikuwa bado wanauliza fedha zile ziko wapi. Wengi waliuzungumzia mfuko kana kwamba tayari upo. Hapo ndipo kosa la wasikilizaji lilipoanzia, na ndilo ambalo ningependa wanafunzi wako wajifunze kuliepuka.

Kuna aina nyingine ya sentensi inayohitaji uangalifu, nayo ni takwimu. Chukua mfumuko wa bei, ambao serikali iliutaja sana mwaka 2024 kama ushindi: ulikuwa asilimia 9.6 Oktoba 2022, ukawa asilimia 6.9 Oktoba 2023 na asilimia 2.7 Oktoba 2024. Takwimu hizi ni za Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, na sina sababu ya kuzitilia shaka. Lakini mama mboga anayesema hajaona bei ikishuka naye hasemi uongo, kwa kuwa kiwango hicho hupima kasi ya bei kupanda katika mwaka mmoja, hakipimi bei yenyewe. Wape wanafunzi wako waifanye hesabu hii: bidhaa zilizogharimu shilingi 1,000 Oktoba 2021 ziligharimu takriban shilingi 1,096 mwaka uliofuata, 1,172 mwaka 2023, na 1,203 mwaka 2024. Kasi imepungua sana, na bei imezidi kupanda. Kama mshahara wa mtu haukuongezeka kwa zaidi ya asilimia 20 katika miaka hiyo mitatu, yeye amekuwa maskini zaidi hata wakati kiwango cha mfumuko kinashangiliwa.

Shilingi nayo ilikuwa na hadithi ya namna hiyo. Dola moja, iliyofika takriban shilingi 160 Januari 2024, ilikuwa imeshuka hadi karibu shilingi 129 wakati wa hotuba, na kwa nchi yenye deni kubwa la dola nafuu hiyo ni ya kweli. Ilipatikanaje? Hatifungani ya kimataifa, yaani hati ya mkopo inayouzwa kwa wawekezaji, ya dola bilioni 2 iliyouzwa mwaka 2014 ilikuwa ikomae Juni 2024, na wawekezaji walihofia kwamba Kenya itashindwa kuilipa. Februari 2024 serikali ikauza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 na kutumia fedha hizo kununua sehemu kubwa ya ile ya zamani. Hofu ikatulia, dola zikarudi, shilingi ikapata nguvu. Ila hatifungani ya zamani ilikuwa na riba ya asilimia 6.875, na mpya ina asilimia 9.75, huku wanunuzi wakiipata kwa bei iliyowapa faida ya zaidi ya asilimia 10. Utulivu ule ulinunuliwa, na malipo yake yanaendelea hadi mwaka 2031. Hotuba yoyote ya Rais, wa nchi yoyote, itakuonyesha ulichonunuliwa na kukiacha kimya kiasi kilicholipwa. Ni kazi ya msikilizaji kuuliza bei.

Kuhusu ajira nitasema kwa ufupi. Ripoti ya kila mwaka ya KNBS kuhusu uchumi ilionyesha kwamba mwaka 2024 zilipatikana ajira mpya takriban 782,000, na karibu 704,000 kati yake zilikuwa katika sekta ya jua kali. Kila unaposikia idadi ya ajira zilizoundwa, uliza ngapi zina mkataba wa kazi.

Jambo jingine ambalo halizungumzwi ni tarehe. Katiba haikutaja mwezi wa hotuba. Kwa miaka kadhaa ilitolewa kati ya Machi na Mei, lakini tangu 2020 imekuwa ikitolewa Novemba. Sidai kwamba kuna hila. Naeleza athari tu. Mwaka wa fedha huisha tarehe 30 Juni, na Kifungu cha 229 kinampa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu miezi sita kukamilisha ukaguzi, yaani hadi mwisho wa Desemba. Hotuba ya Machi hutolewa baada ya muda huo wa ukaguzi kwisha, na mbunge mwenye bidii angeweza kuishikilia ripoti mkononi huku akimsikiliza Rais. Hotuba ya Novemba hutolewa kabla. Kwa sababu hiyo raia hapaswi kumaliza kazi yake ya kuijibu hotuba Novemba. Anapaswa kusubiri ripoti ya ukaguzi na kuzisoma pamoja, sura kwa sura, wizara kwa wizara. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti, ambazo Kifungu cha 228 kinataka zifike Bungeni kila miezi minne, husaidia kujaza pengo, kwani huonyesha fedha zilizotolewa kwa kweli dhidi ya zilizopangwa.

Upande wa pili wa kalenda ndio unaokufaa zaidi kwa ahadi. Hazina ya Kitaifa inatakiwa kuwasilisha Bungeni Taarifa ya Sera ya Bajeti kabla ya tarehe 15 Februari kuisha. Makadirio ya matumizi yanafuata angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kumalizika, yaani kufikia mwisho wa Aprili. Ahadi ya Novemba yenye nia ya kutekelezwa itaonekana katika taarifa ya Februari ikiwa sera, na katika makadirio ya Aprili ikiwa na nambari ya fungu na kiasi cha fedha. Isipoonekana mahali popote kati ya hapo, hakuna haja ya kusubiri miaka mitatu ili kujua, kama walivyosubiri wale wa mwaka 2015. Kamati ya Bajeti ya Bunge la Taifa huchukua maoni ya umma katika kipindi hicho. Huo ndio wakati ambao sauti ya mwananchi ina nafasi ya kubadilisha tarakimu, na kwa masikitiko ndio wakati ambao kumbi huwa tupu, kwa kuwa hamaki yote ilitumika Novemba.

Umeniuliza kuhusu raia, lakini siwezi kuwaacha wabunge, maana hotuba inawahusu wao kwanza. Kanuni za Kudumu zinataka Rais asikilizwe kwa utulivu, bila swali wala maoni kufuata papo hapo. Mwaka 2016 wabunge wa upinzani walipuliza firimbi ukumbini hadi baadhi yao wakatolewa nje, na nadhani walipoteza nafasi nzuri, kwa sababu kelele ile ndiyo iliyokumbukwa na yaliyomo katika hotuba yakasahaulika. Kile ambacho kanuni zinawapa ni kikubwa zaidi: baada ya hotuba kuwekwa mezani, hoja ya kuishukuru huletwa na kujadiliwa, na kila neno huingia katika Hansadi, kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge. Afrika Kusini wana utaratibu ninaouonea wivu, ambapo vyama hujadili hotuba ya Rais kisha Rais mwenyewe hurudi Bungeni kujibu mjadala. Kwetu Rais husema na kuondoka. Uganda nao wana wajibu wa hotuba ya kila mwaka chini ya Kifungu cha 101 cha Katiba yao. Tanzania, Ibara ya 91 inamtaka Rais kulifungua Bunge jipya na kumruhusu kulihutubia wakati wowote, pasipo wajibu wa kila mwaka. Kwa hiyo tunacho kitu ambacho si kila jirani anacho, na mjadala wa hoja ya shukrani ndio sehemu yake inayotumiwa vibaya zaidi, hasa tangu katikati ya 2024, baadhi ya viongozi wa upinzani walipoingia Baraza la Mawaziri na mstari kati ya anayetoa hesabu na anayeidai ukafifia. Tafuta Hansadi ya siku hizo, umsome mbunge wa eneo lako. Kama alizungumza dakika zote kumsifu Rais, au kumtukana, bila kuuliza hata swali moja kuhusu eneo lenu, una la kumwambia atakapokuja kwenye hafla ya shule.

Kwa raia asiye na kiti Bungeni zipo njia mbili ambazo watu hawazitumii ipasavyo. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inamruhusu kuandika ombi kwa Kiswahili au Kiingereza, huku afisa akitakiwa kulijibu ndani ya siku 21, au saa 48 ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Ombi lenyewe halitozwi ada. Kinachoweza kutozwa ni gharama ya kutoa nakala. Akinyimwa, anaweza kulalamika kwa tume inayojulikana kama afisi ya Ombudsman. Siri ya ombi zuri ni kuuliza kitu kimoja kinachoweza kushikwa. Usiandike kuuliza kwa nini serikali haijatimiza ahadi ya nyumba za bei nafuu. Andika kuuliza ni nyumba ngapi zimekamilika katika kaunti yako kufikia tarehe fulani, ziko wapi, ngapi zina wakazi, na kiasi gani kilichokusanywa kutokana na tozo ya asilimia 1.5 ya mishahara kimetumika huko.

Njia ya pili ni ombi rasmi kwa Bunge chini ya Kifungu cha 119, ambalo kila mtu ana haki ya kuliwasilisha. Hili lina masharti yake: lazima lieleze kama juhudi zimefanywa kulitatua jambo hilo kwa mamlaka husika, na kama kuna kesi yoyote mahakamani kulihusu. Ndiyo maana nashauri barua ya kuomba habari itangulie; jibu lake, au ukimya wake, huwa ndio kiambatisho cha kwanza cha ombi.

Kwa wale wenzako wanaosema hotuba ni maneno matupu, ningewajibu kwamba maneno hayo yana faida moja isiyopatikana kwenye mikutano ya hadhara: yametamkwa mbele ya chombo chenye uwezo wa kuita waziri yeyote chini ya Kifungu cha 153 na kumtaka aeleze, na yamehifadhiwa yalivyo. Rais wa leo anaweza kuulizwa mwakani kwa maneno yake mwenyewe. Asiyesikiliza amejinyima nafasi hiyo.

Limebaki moja ambalo hukuuliza, lakini linahusu darasa lako. Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya, na hata hivyo sehemu kubwa ya hotuba hizi husomwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha wanauchumi. Mwandikieni Karani wa Bunge la Taifa, wewe pamoja na wanafunzi wako, mkiomba nakala ya Kiswahili ya hotuba ya mwaka 2024 na ya ripoti kuhusu maadili ya kitaifa iliyowasilishwa pamoja nayo. Wekeni tarehe kwenye barua, hifadhini nakala, na mhesabu siku 21 tangu itakapopokelewa.